Wasindikizaji saba: uchambuzi wa usaili mmoja

Kuna neno ambalo kila aliyewahi kutafuta kazi Tanzania analijua: kusindikiza. Mtu anarudi kutoka kwenye usaili, ukimuuliza imekuwaje, anakujibu, "Tulienda kusindikiza tu." Maana yake nafasi ilikuwa na mwenyewe, na wengine waliitwa ili mwenyewe asiingie peke yake. Neno hili husemwa na walioitwa. Mimi nalieleza nikiwa upande wa pili wa meza, kwa sababu mwaka juzi nilikuwa mmoja wa watu watatu walioita watu saba waje kumsindikiza mmoja. Shirika sitalitaja, na wasailiwa nitawataja kwa namba zao.

Nafasi ilikuwa ya ofisa ufuatiliaji na tathmini, katika mradi wa afya ya mama na mtoto unaolipiwa na wafadhili wa nje. Kijana mmoja alikuwa ameishikilia kwa mkataba wa muda kwa miaka miwili kasoro, na aliifanya vizuri. Fomu za vituo vya afya zilifika kwa wakati, takwimu zilisomeka, na wilayani watu walipokwama walimpigia yeye moja kwa moja. Mradi ulipoongezewa muda, mkurugenzi alisema mbele yetu sote kwamba kijana aingizwe moja kwa moja kwenye nafasi mpya. Hakuna aliyepinga. Mimi pia sikupinga, na mpaka leo naamini alistahili.

Kilichotukwamisha ni mwongozo wetu wa rasilimali watu. Unataka kila nafasi itangazwe hadharani kwa siku 14, na wasailiwe watu wasiopungua watano. Basi tukatangaza. Maombi yakaingia zaidi ya mia tatu, tukachuja tukabaki na saba wenye sifa, kijana wetu akawa wa nane kwenye orodha. Wakati huo rasimu ya mkataba wake ilikuwa imeshachapwa. Niliiona kwenye trei ya mkurugenzi, jina lake juu, tarehe ya kuanza imeachwa wazi.

Simu za kuwaita nilipiga mimi.

Namba Sita alikuwa Songea. Nilipompigia alikuwa juu ya bodaboda, nikamsikia akimwambia dereva asimame. "Samahani kaka, naomba nishuke nikusikie vizuri." Nikamweleza: usaili ni Dar es Salaam, baada ya siku kumi, aje na vyeti halisi na nakala zilizogongwa muhuri wa wakili. Nikamweleza pia kwamba kabla ya hapo atatumiwa jedwali la takwimu za vituo ishirini, aandae andiko la kurasa tano hadi nane kuonyesha angefuatiliaje mradi wa aina hiyo, na alitume ndani ya wiki moja. Aliitikia kila kitu. Mwisho akasema, "Mungu akubariki sana kaka yangu." Nikamjibu amina, nikapiga namba inayofuata.

Siku yenyewe wote nane tuliwaambia wafike saa mbili na nusu asubuhi, saa ileile, kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Namba Sita alikuwa ameshuka stendi ya Mbezi Luis usiku wa kuamkia siku hiyo, baada ya kutwa nzima barabarani: Njombe, Makambako, Iringa, Mikumi, Morogoro. Aliingia chumbani kwetu saa nane kasoro robo mchana. Kwa zaidi ya saa tano alikaa kwenye benchi la korido.

Mambo mengi yalionekana kwenye benchi lile. Aliyewapokea wasailiwa alikuwa kijana wetu yuleyule, kwa sababu meza yake iko karibu na mlango na kupokea wageni ilikuwa kawaida yake. Aliwapa karatasi ya mahudhurio, akawaelekeza choo kilipo, akawatolea maji ya chupa kwenye friji. Karatasi ilipomrudia, akaweka jina lake kwenye mstari wa nane. Sidhani alifanya kwa ubaya; ilikuwa aibu kwake pia, nilimwona akikwepa macho ya watu. Lakini benchi zima liliona. Namba Tatu alisimama kama mtu anayepokea simu, akatoka nje, hakurudi. Wengine walibaki. Ukishatoka mbali hivyo, unakaa ukijiambia huenda umeelewa vibaya.

Namba Sita alikuja na andiko lake limechapishwa nakala tatu, kila moja kwenye jalada la plastiki, moja kwa kila mjumbe. Ukurasa wa nne ulikuwa na jedwali alilolipaka rangi. Alikuwa amegundua kwamba vituo viwili vina idadi ya watoto waliochanjwa inayozidi idadi ya watoto wanaokadiriwa kuwepo, yaani uchanjaji unaopita asilimia 100. Akaandika maelezo matatu yanayowezekana: makisio ya sensa yanayotumika kama msingi yamepitwa na hali halisi, au akina mama wa kata jirani wanaleta watoto pale, au rejista inahesabu mtoto mmoja mara mbili. Akaeleza kila moja angeithibitishaje, nani wa kuulizwa na daftari gani la kufunguliwa. Ilikuwa kazi safi ya mtu anayejua. Mwenyekiti wa jopo alikuwa analifungua andiko hilo kwa mara ya kwanza, mbele yake. Mimi, kati ya maandiko nane yaliyotumwa, nilikuwa nimesoma mawili, na la kwake halikuwemo.

Tulimwuliza maswali matano. Matatu yalihusu namna ofisi yetu inavyojaza na kupeleka fomu zake. Alijibu alivyoweza. Tulipomwambia aulize swali kama analo, aliuliza kama atakayepata anategemewa kuanza lini, ili ajue jinsi ya kujipanga na nyumbani. Mwenyekiti akasema, "Tutawasiliana ndani ya wiki mbili."

Alama hazikuchezewa, na hili ni muhimu kwa uchambuzi wote unaofuata. Kijana wetu alipata 84, Namba Sita 79, waliobaki walikuwa chini ya 70. Faili lilifungwa likiwa safi kabisa.

Halafu tukanyamaza. Utawala ulisema tusimjulishe mtu yeyote mpaka mkataba usainiwe, na mkataba ukasubiri idhini ya mfadhili, na idhini ilipokuja hakuna aliyekumbuka wale saba. Namba Sita alipiga simu mara tatu. Mapokezi walimjibu kwamba mchakato bado unaendelea. Wiki ya kumi na moja alinitumia ujumbe mimi, kwa namba niliyompigia. Alinisalimia shikamoo, akauliza kama kuna taarifa yoyote. Nikamwandikia kwamba nafasi ilishapata mtu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Asante kaka. Ningejua mapema ningesaini pale shuleni." Shule moja ya sekondari ya binafsi ilikuwa imempa muhula mmoja wa kufundisha hesabu. Alimwomba mkuu wa shule amsubiri kwa wiki mbili, zile wiki mbili tulizomtajia sisi. Mkuu wa shule alisubiri, kisha akamchukua mwingine.

Kosa lilikuwa wapi

Nimekizungusha kisa hiki kichwani kwa muda mrefu, na nimeona ni rahisi kulaumu mahali pasipostahili. Kumchagua kijana wetu halikuwa kosa. Mtu aliyefanya kazi vizuri kwa miaka miwili ana haki ya kufikiriwa kwanza, na mfadhili mwenyewe angekubali kama angeulizwa. Kimya chetu kilikuwa kosa, lakini ni kosa ambalo kila mtu analiona na kulilalamikia. Ofisi zinakula buyu, waombaji wanazoea.

Kosa kubwa lilifanyika mapema zaidi, kwenye simu. Nilipompigia mtu na kumwambia "umeitwa kwenye usaili", nilimwambia jambo moja ambalo halikuhitaji kutamkwa: kwamba nafasi iko wazi na akifanya vizuri anaweza kuipata. Kwa maneno hayo alishuka kwenye bodaboda, akaomba ruhusa, akakopa nauli. Nami nilijua si kweli. Niliona rasimu kwenye trei.

Tena kuna jambo ambalo ofisini hatukuwahi kulisema kwa jina lake. Tuliwahitaji wale saba. Bila majina yao kwenye karatasi ya mahudhurio, mkaguzi wa mfadhili angeandika hoja ya ukaguzi na tungeitwa kujieleza. Kwa hiyo siku ile walikuwa wanatufanyia kazi: waliipa ajira yetu sura ya ushindani, wakatukinga na hoja ya mkaguzi. Ilikuwa kazi yenye manufaa halisi kwetu, na waliifanya kwa nauli yao, kwa muda wao, bila kuambiwa kwamba ndiyo kazi waliyoitiwa. Mtu ukimtumia hivyo shambani kwako, kijiji kizima kitakwambia umemdhulumu. Kwenye korido ya ofisi tunaita utaratibu.

Sitaki mtu aelewe kwamba nalaumu usaili wowote wenye watu wengi na nafasi chache. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 na waombaji wakazidi 130,000. Uwezekano wa kupata ni mdogo sana, lakini hesabu iko hadharani, na mtu mzima anaamua mwenyewe kama inafaa kujaribu. Ukikosa pale umekosa, hujadanganywa. Tatizo la hesabu kubwa ni jingine, nalo ni mahali gharama inapotua. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita vijana zaidi ya 10,000 kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa nafasi 70. Wengi tunakumbuka zile picha za majukwaa yaliyojaa watu wanaosubiri karatasi ya mtihani. Mchujo ambao ungeweza kufanywa kwenye makaratasi ulifanywa kwa kusafirisha watu. Tangu hapo serikali imejifunza kitu: usaili wa walimu ulipofanyika mwanzoni mwa 2025, Sekretarieti ya Ajira iliupeleka mikoani, na majina ya walioitwa kazini hutangazwa hadharani, mtu anayaona mwenyewe bila kubembeleza mapokezi. Kwenye hili moja sisi wa mashirika, tunaopenda kujisifu kwa weledi, tuko nyuma ya serikali.

Hesabu

Nilipoamua kuandika kisa hiki nilimpigia Namba Sita kumwomba ruhusa, nikamwomba pia anitajie gharama zake. Alizijua zote bila kufikiri sana. Nauli ya kwenda na kurudi ilipita laki moja. Muhuri wa wakili kwenye nakala za vyeti vinne, elfu ishirini. Kuchapa yale majalada matatu kwa rangi steshenari, elfu kumi na tano. Bando la intaneti la kufanyia andiko, kompyuta aliyoazima kwa jirani, chakula cha njiani. Alilala kwa shangazi yake Kimara, ndiyo maana gesti haimo. Jumla ilifika karibu laki mbili, na sehemu kubwa alikopa kwenye kikoba cha mama yake. Kwa siku: nne za andiko, moja ya kutafuta wakili na kuchapa, tatu za safari na usaili. Siku nane za mtu mmoja. Wengine walitoka karibu zaidi, lakini maandiko yote saba yaliandikwa, na hata nikikadiria kwa chini napata siku zaidi ya thelathini na tano za kazi ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nafasi ya kuajiriwa.

Upande wetu: siku moja ya wajumbe watatu, ambao tulikuwa kwenye mshahara. Pamoja na soda, maji na chakula cha mchana cha jopo.

Na tulichokuwa tunakikwepa ni nini? Mwongozo uleule una kifungu kinachoruhusu nafasi kujazwa na mfanyakazi wa ndani bila kutangazwa, ofisi ikiomba kwa mfadhili kwa maandishi na kutoa sababu. Ni barua ya kurasa mbili na subira ya wiki mbili au tatu. Mkurugenzi aliona kutangaza ni haraka zaidi. Nilikubaliana naye, na wakati ule lilionekana jambo dogo la kiutawala. Tuliokoa barua moja.

Utetezi niliousikia

Nilipolileta jambo hili kwenye kikao, wenzangu hawakukasirika. Walinijibu kwa utulivu, na majibu yao nayaheshimu kiasi cha kuyajibu.

La kwanza: wamepata uzoefu wa usaili. Ni kweli kwamba mtu hujifunza kwa kusailiwa, ila anajifunza zaidi akiambiwa amekosea wapi, na sisi hatukumwambia mtu chochote. Isitoshe uzoefu wa laki mbili mtu anachagua mwenyewe kuununua.

La pili lilinisumbua zaidi. Mwenyekiti wa jopo alisema, "Labda mmoja wao angetushangaza." Anasema alikuwa tayari kubadili mawazo, na ni mtu mkweli, siamini anadanganya. Lakini nilimwuliza: Namba Sita angepata 90, ungekwenda kwa mkurugenzi kumwambia achane ile rasimu? Alikaa kimya kidogo, akasema angeomba Namba Sita akumbukwe nafasi nyingine ikitokea. Basi mlango haukuwa wazi. Na hata kama ungekuwa wazi kidogo, tungepaswa kuwaambia ukubwa wa ufa. Sentensi moja kwenye tangazo ingetosha: "Nafasi hii ina mwombaji wa ndani anayeifanya kwa sasa." Wengine wangeacha. Namba Sita ananiambia angeacha. Mwingine angekuja akijua anapambana na nani, na hapo pasingekuwa na dhuluma.

La tatu lilitoka kwa mwenzetu wa utawala, naye alikuwa na hoja. Sharti la kutangaza nafasi liliwekwa kuzuia kujuana, ofisi zisijaze ndugu na marafiki. Tukianza kuombea kila nafasi msamaha, tutarudi kulekule. Nakubali hatari ipo. Ninachoona ni kwamba tulichofanya kilikuwa kujuana kilichovaa nguo za ushindani, na kilikuwa kibaya zaidi kwa sababu mkaguzi asingeweza kukigundua. Barua ya kuomba msamaha ingesomwa na mtu wa nje, akakubali au kukataa. Faili letu safi halikumpa mtu yeyote nafasi ya kuhoji.

Sheria inaona fedha kwanza

Kuna upande mmoja ambao sheria za kazi zimeshaufikia. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema katika kifungu cha 7 kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mtafuta kazi ada wala gharama, ukiacha mazingira maalumu. Kenya walikwenda mbali kidogo. Mwombaji alikuwa anadaiwa vyeti lukuki kabla hajajua hata kama ataitwa: cha kodi kutoka KRA, cha mkopo wa elimu kutoka HELB, cha maadili kutoka EACC, tume ya kupambana na rushwa, cha madeni kutoka CRB, cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi wa upelelezi. Kila kimoja na ofisi yake, vingine na ada yake. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa, mwajiri asidai vyeti hivyo mpaka awe amekusudia kuingia mkataba na mtu huyo. Kwa maneno mengine, gharama isogezwe mpaka mahali ambapo matumaini ni ya kweli.

Muda wenyewe ndio unaanza kuonekana sasa. Kule Ontario, Kanada, kuanzia 1 Januari 2026 mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi anapaswa kusema kwenye tangazo la hadharani kama nafasi ipo kweli, na kumjulisha kila aliyesailiwa ndani ya siku 45 kama uamuzi umefanyika. Siku 45 kwangu ni nyingi. Namba Sita angeikosa ile shule hata hivyo. Lakini ni tarehe, na mtu mwenye tarehe anaweza kumwambia mkuu wa shule jambo la uhakika.

Kwa ofisi kama yetu nisingengoja sheria. Mwaka huu tumejaza nafasi nyingine ambayo ilikuwa na mtu wa ndani, ya mhasibu msaidizi. Niliandika ile barua ya kurasa mbili. Mfadhili alijibu siku ya tisa, akauliza maswali mawili, akakubali. Nafasi ya tatu, ya dereva, ilikuwa wazi kweli. Tuliita watano tu, kila mmoja na saa yake, na waliokosa niliwapigia kesho yake asubuhi. Mmoja alishangaa mpaka akaniuliza kama kuna tatizo lolote kwenye vyeti vyake, kwa sababu hajawahi kupigiwa kuambiwa amekosa.

Bado kuna wale saba. Niliomba ofisi iwarudishie nauli, hata kama imechelewa. Ofisa fedha hakukataa, alitaka tu kujua aandike kwenye kifungu gani cha bajeti, maana hakuna kifungu cha kumlipa mtu asiyeajiriwa. Nikaenda kutafuta kwenye jalada la mwaka juzi hati za malipo za siku ile ya usaili. Soda, maji na chakula cha jopo vililipwa kesho yake bila swali, chini ya "gharama za usaili". Nimejaza fomu mpya kwa kifungu hichohicho, majina saba, pamoja na la Namba Tatu aliyeondoka bila kusailiwa. Inasubiri saini ya mkurugenzi.